Vidole Kumi

Nambari mia na kumi na saba, dirisha la tatu.
Anakuja na koti la majira yasiyo haya,
bahasha kaikumbatia kifuani
kama mtoto wa jirani anayeogopa kumwangusha.

Kazi yangu si kuamua. Nimeiandika kwenye kikaratasi,
nimekibandika kiooni, hakuna akisomaye.
Waamuzi wako nyumba nyingine, yenye bendera.
Mimi hapa Yerevan napokea, nahesabu,
nabana karatasi kwa kibanio,
nakamata vidole.

Pasipoti: ipo. Haina muhuri hata mmoja, bado inanuka gundi.
Picha: mbili, nyuma nyeupe, mdomo umefungwa.
(Za kwanza alitabasamu, zikakataliwa.
Karudi kwa mpiga picha pale chini, kalipa tena,
na safari hii kanuna kama mtu aliyeibiwa.)
Bima ya afya. Tiketi ya kwenda na ya kurudi.
Taarifa ya benki, miezi mitatu:
pensheni inaingia tarehe tano, inatoka tarehe sita.
Kisha mwezi jana, ghafla, fedha nyingi.
"Nani katuma?"
"Hasmik."
"Hasmik ndiye nani?"
Ananitazama kama nimemuuliza jua ndilo nini.

Hasmik wa Lyon, bintiye, tumbo limekwisha kushuka.
Barua yake ya mwaliko ina muhuri wa manispaa,
imetaja chumba, upana wake, dirisha moja, kitanda.
Haina mstari wa kuandika kwamba mama mtu hayupo tena
na siku ile lazima awepo mtu wa kushika mlango.

Anaomba siku tisini.
Wahenga walimpa mgeni siku mbili,
ya tatu wakamkabidhi jembe.
Sheria hii nayo ina ukarimu wake:
siku tisini, na jembe
ni marufuku kuligusa.

"Mzee Vaghinak, una nini cha kukurudisha huku?"
Swali ni la fomu, si langu.
Anawaza. Angesema nyumba, maana hati ninayo mkononi.
"Kuna mti wa aprikoti," anasema,
"mwaka huu nimeupogoa vibaya.
Nataka nione kama utanisamehe."
Naandika: *Nyumba. Gyumri.*

Haya, vidole. Mkono wa kushoto, vinne pamoja.
Taa nyekundu.
Futa, bonyeza tena.
Nyekundu.
Naugeuza mkono wake. Ncha ni laini kama sabuni ya juzi,
hakuna mstari, hakuna duara,
hapana mtu humo.
"Ulifanya kazi gani, mzee?"
"Mawe. Miaka arobaini na mmoja.
Baada ya tetemeko tulichonga usiku na mchana.
Hata ngazi ulizopanda leo asubuhi,
ni mimi na Rubo, baridi ya mwaka ule.
Hizo alama mnazozitafuta, ziko huko."
Hasemi kwa majivuno. Ni kama mtu
anayeelekeza choo kilipo.

Kanuni inasema jaribu mara tatu.
Haikutaja mafuta ya mikono.
Nafungua droo, natoa tyubu yangu ya waridi,
nampaka kimoja kimoja, kidole gumba mwisho.
Anatazama pembeni, masikio yamemwiva.
Nyuma yake foleni imenyamaza.

Saba vinakubali.
Kwa vitatu mashine inataka sababu:
*kidole hakipo; kina jeraha; nyingine.*
Nachagua nyingine.
Kuna nafasi ya herufi ishirini.
Naandika: *jiwe*.

"Majibu ni siku kumi na tano za kazi."
"Daktari kasema kumi na mbili."
Nagonga risiti. Anaikunja mara nne,
anaitia mfuko wa ndani, ule wenye kifungo.

Namsikia akishuka. Hatua, hatua.
Pahala fulani katikati anasimama kitambo,
halafu anaendelea.

Kioo kina mafuta. Nakifuta.
Mia na kumi na nane.